Maza, Mshua na Maneno Tusiyoyaelewa

Mama mwenzetu, bila shaka umekwisha kuyasikia. Kijana wako wa kidato cha tatu anarudi likizo, anakutana na wenzake pale stendi ya Same, na katika dakika tano za maongezi yao wewe uliyemzaa na kumfundisha kusema huambulii hata nusu. Fedha wanaziita mkwanja au mshiko. Shilingi mia tano ni jero, elfu moja ni buku, na noti nyekundu ya elfu kumi ni msimbazi, kwa ajili ya rangi ya klabu ya Simba na mtaa wake wa Msimbazi kule Dar es Salaam. Baba mzazi ni mshua au dingi. Wewe mwenyewe ni maza, na ukiwa na bahati ni bi mkubwa.

Akina mama wengi wanaotujia kliniki, na wale tunaokutana nao katika vikundi vya wanawake kanisani, hutuuliza swali moja: je, hii ni dalili ya mtoto kuharibika? Wengine wamekwisha kupiga marufuku maneno hayo nyumbani. Wengine wameamua kuyasema wao wenyewe ili waonekane wa kisasa, jambo ambalo, tuseme kweli, huwafanya watoto watamani ardhi ipasuke wazame. Tumeona vema tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana ndani yake mna mambo madogo ya kuchekesha na mambo mengine yasiyochekesha hata kidogo.

LUGHA YA KUJUANA

Kwanza tuelewe kazi ya maneno hayo. Kijana akisema jero badala ya mia tano, hatoi habari mpya. Thamani ya fedha ni ile ile. Anachosema ni kwamba, "Mimi ni mmoja wenu." Simama stendi asubuhi moja usikilize. Dereva ni suka, kondakta ni konda, abiria ni kichwa. Kijana asiye na ajira ya kudumu, anayeshika gari kwa siku moja mwenye zamu akiwa amepumzika, ni deiwaka. Mgeni akija pale akauliza habari za "dereva wa muda", atajibiwa kwa adabu, lakini kila mtu atajua hajawahi kulala kwenye kiti cha basi akisubiri alfajiri.

Maneno ya namna hiyo yakidumu huwa ya wote. Daladala lilikuwa neno la barabarani. Mabasi madogo ya watu binafsi yaliporuhusiwa Dar es Salaam miaka ya 1980, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala, jina lililotokana na dola ya Marekani. Jirani zetu wa Kenya wana matatu kwa njia hiyo hiyo, yaani nauli ya senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi kumi. Leo maneno hayo yamo katika magazeti na hotuba za mawaziri, na kwa sababu hiyo hayamfai tena kijana anayetaka kujitofautisha. Sisi tuliokuwa shuleni miaka ya 1990 tuliona tumeshika ulimwengu kwa kujibu "poa" mtu akisema "mambo?" Siku hizi bibi wa Suji aliyeshuka na kikapu chake cha parachichi hujibu "poa" bila kusita, na wajukuu wamekwisha kuhamia kwingine.

Hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Neno likishajulikana na mama, limekwisha kazi. Ndiyo maana kujifunza maneno yao ili uyaseme nao hakukufikishi popote. Watayaacha na kuunda mengine wiki ijayo.

Wataalamu nao wameyachunguza. Mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, watafiti kutoka Ujerumani, walitoa kazi kubwa juu ya lugha ya mitaani ya Tanzania pamoja na orodha ndefu ya maneno yake. Mengi yanahusu fedha, mapenzi, ulevi, na watu wenyewe kwa wenyewe. Yaani yale yale ambayo vijana wa kila zama wamependa kuyaongea wazazi wakiwa mbali.

Tena si jambo la leo. Wengi wetu tukiwa wasichana tulicheza kinyume, tukichukua silabi ya mwisho na kuileta mbele: maji yakawa jima, kesho ikawa shoke, mwalimu akawa mumwali. Mchezo huo ni wa zamani mno katika pwani yetu. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, aliuandika katika karne ya 19. Na wale waliocheza watakumbuka kwamba kuna neno moja ambalo halikubali kugeuzwa: mama, ukimpindua, anabaki mama. Wazazi wetu nao walikuwa na pekosi zao na bugaluu zao, suruali pana za miaka ya 1970, na majina hayo yaliwaudhi bibi zetu karibu sawa na suruali zenyewe.

WAMBUGU NA MANENO YAO YA NDANI

Huku kwetu milimani tuna mfano ambao wasomi wa lugha wanausafiria kutoka Ulaya, na sisi tunaupita kila siku bila kuutazama. Ni wa ndugu zetu Wambugu. Wengi wako Usambara upande wa Lushoto, lakini mapokeo yao yanasema walikaa Upare kabla ya kuhamia huko, na baadhi yao wangali katika milima yetu.

Mmbugu ana namna mbili za kusema lugha yake. Ya kawaida inafanana sana na Chasu chetu, kiasi kwamba Mpare akiisikia anaelewa bila shida kubwa. Nyingine ndiyo ya ndani, inayoitwa pia Kima'a. Mpangilio wa sentensi ni ule ule, viambishi ni vile vile, bali maneno yenyewe yamebadilishwa. Mengi yana asili ya lugha za Kikushi, jamii moja na Kiiraki cha kule Mbulu, na mengine yametoka kwa Wamaasai. Mna hata sauti ya kupitisha pumzi kandoni mwa ulimi, ambayo Mpare hana. Basi mtu anaweza kusema jambo moja mara mbili, sarufi ikiwa moja: mara ya kwanza jirani akaelewa, mara ya pili asielewe neno.

Maarten Mous, mtaalamu wa Uholanzi, alitoa kitabu kizima juu ya lugha hiyo mwaka 2003. Maelezo yake, kwa ufupi, ni kwamba watu hawa waliokuwa wakiishi kati ya majirani wengi zaidi yao, na waliokwisha kuichukua lugha ya majirani hao, walijiwekea hazina ya maneno ya pembeni ili wasije wakamezwa. Tafakari hapo kidogo, mama. Kundi dogo la wafugaji lilipoona linapotea, halikujenga ukuta wala kuchimba handaki. Lilishika maneno.

Wapare wenyewe walikuwa na mshitu, msitu wa jadi ambako vijana walifundwa, na waliotoka huko walirudi na mafundisho yasiyosemwa mbele ya asiyepita. Kanisa lilipokuja lilikuwa na mengi ya kusema juu ya mshitu, na hatutayarudia hapa. Tunachosema ni kwamba babu wa kijana yule wa stendi naye alikuwa na maneno ambayo mama yake hakuruhusiwa kuyajua.

SISI JE?

Kabla hatujamhukumu mtoto, tujisikilize. Mkristo wa uamsho akikutana na mwenzake ndani ya basi humtambua kwa "Bwana asifiwe" na kwa "mpendwa", tena kabla basi halijafika Hedaru wamekwisha kuulizana usharika. Neno mlokole lenyewe tumelipata kwa Waganda, likiwa na maana ya aliyeokoka. Uamsho ulianza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia kwetu kupitia Bukoba, na wimbo wa Tukutendereza ukawa kama hati ya kusafiria: ukiimbwa, watu wasiojuana walikumbatiana. Ni jambo zuri. Lakini muulize mama anayeingia kanisani mara ya kwanza, akaketi katikati ya watu wanaoitana mpendwa na kuitikiana mambo asiyoyajua. Atakuambia alivyojisikia.

Sisi wauguzi ndio kabisa. Mama mwenye mimba ya kwanza tunamwita PG, na ripoti ya zamu tunaipokezana juu ya kitanda chake kwa herufi tupu. Kwetu ni wepesi wa kazi. Kwake yeye aliyelala pale, ni watu wawili waliovaa sare wanaozungumza habari za mwili wake kwa lugha ambayo hakualikwa.

Na Maandiko yanalijua jambo hili vema kuliko sisi. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi waliposhika vivuko vya Yordani, walimtaka kila mpitaji aseme Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitamka ile "sh", akasema Sibolethi, na kwa herufi hiyo moja akauawa. Imeandikwa kwamba walianguka Waefraimu 42,000. Naye Petro, usiku ule wa uani kwa Kuhani Mkuu, angeweza kujificha kwa uso na nguo; kilichomtambulisha kuwa wa Galilaya ni namna yake ya kusema. Kwa hiyo neno la kutambuana linaweza kumkaribisha mtu na linaweza kumwua. Inategemea ni nani ameshika kivuko.

MTOTO ALIYEKOSA NENO

Tunawafikiria sana watoto wanaotoka vijiji vya juu, Vudee, Mbaga au Chome, kwenda shule ya bweni mjini. Mtoto huyu amelelewa kwa Chasu cha bibi na Kiswahili cha darasani. Siku ya kwanza wenzake wanamwamkia kwa maneno ya mjini, yeye anajibu "salama, shikamoo". Kicheko! Kuanzia hapo ni mshamba, ni wa kuja. Baada ya wiki tatu anapiga simu nyumbani kwa simu ya matroni akiomba viatu vipya. Mama anadhani ni tamaa. Mara nyingi viatu ni njia tu. Anachotafuta ni mlango wa kuingilia. Akishapata yale maneno, ombi la viatu hupungua lenyewe, nasi tumeona hivyo kwa watoto zaidi ya mmoja.

Kwa wale wenye watoto chuo kikuu tuongeze neno moja la manufaa. Boom ni fedha za mkopo za kujikimu. Desa ni maandishi ya kunakili ya masomo. Na ukisikia kwamba fulani amedisko, usidhani ameenda kucheza muziki. Amesimamishwa masomo kwa kufeli. Kuna wazazi wanaoendelea kuuza mbuzi kupeleka ada kwa sababu tu hawakujua neno hilo.

Sasa, ni lipi la kawaida na lipi la kutia hofu? Kipimo chetu si neno lenyewe. Ni kama mtoto anaweza kulivua. Kijana anayesema "oya mwana" kwa wenzake, kisha akageuka akainama na kumwamkia babu yake shikamoo kwa moyo, huyo ana lugha mbili na anajua kila moja mahali pake. Mwache. Tuangalie zaidi yule ambaye amebakiwa na lugha moja tu, anayetumia ya kijiweni hata mezani, aliyeacha marafiki wote wa zamani, na ambaye maneno yake yote yanazunguka jambo moja.

MANENO YANAYOFICHA UGONJWA

Hapa tusimame, maana ndipo kazi yetu ilipo.

Gomba ni mirungi. Kwetu Same hili si jambo la mbali: mirungi hulimwa katika baadhi ya vijiji vya milima yetu, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefika mara kadhaa kung'oa na kuteketeza mashamba. Kenya majani hayo yanauzwa sokoni kwa jina la miraa. Kwetu ni dawa za kulevya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, na anayekutwa nayo anafungwa. Kijana anayetafuna anaongea mno, halali, hana hamu ya kula, moyo unakwenda mbio, na anapata choo kwa shida. Akisema anatafuta stimu ya kuendeshea gari la usiku, umekwisha kuelewa.

Ndumu, msuba na "cha Arusha" ni bangi. Unga na sembe, kwa vijiwe vya mijini, si vya ugali bali ni heroini, na kete ni kipimo chake. Teja ni aliyenaswa, na arosto ni yale mateso ya mwili pale dawa inapokosekana: kuumwa viungo, kuharisha, jasho na kutetemeka. Mama anayesikia "nina arosto" akadhani ni malaria atapoteza siku za thamani. Tiba ipo. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni, na baadaye huduma hiyo ikafika mikoa mingine.

Jihadhari na jambo moja. Usiingie chumbani na orodha hii mkononi kama askari. Kijana akijua umeyakariri, yatabadilika, nawe utabaki na maneno yaliyokufa. Sikiliza, linganisha na hali ya mwili wake, kisha zungumza juu ya mwili wake: usingizi, chakula, uzito. Hayo hayana lugha ya mitaani.

Ukimwi nao ulipitia njia hiyo. Ulipotokea Kagera mwaka 1983 watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa huko na wafanyabiashara wa mpakani; Waganda wakauita silimu kwa jinsi ulivyokondesha. Baadaye mitaa ikaleta ngoma, umeme, mdudu, na "kukanyaga miwaya". Watu wengine husema vijana walikuwa wanafanya mzaha. Sisi tuliowauguza hatuoni hivyo. Lilikuwa jambo la kutisha mno kutajwa, na jina la utani lilimwezesha mtu kulishika kwa koleo. Lakini jina hilo hilo lilimweka mgonjwa nje. Jirani akinong'ona "anao umeme", hakuna aliyenyoosha mkono kumgusa, maana nani hugusa waya? Tangu dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, maneno mengi ya kutisha yamepungua. Siku hizi mgonjwa anasema tu, "Nakwenda kuchukua dozi." Dozi ni neno la mtu anayeishi.

Na wakati mwingine huduma za afya zenyewe zimepeleka neno mitaani. Mwaka 2008 redio zilianza matangazo ya mtu mzima mwenye fedha anayewarubuni wanafunzi wa kike, jina lake Fataki. Muda si mrefu wasichana ndani ya daladala walikuwa wakimpigia kelele mzee wa namna hiyo, "Fataki huyo!", na abiria wote wakacheka, naye akashuka kabla ya kituo. Kabla ya hapo msichana hakuwa na neno la kumwita mbele ya watu.

JIKONI KWA MAMA MKWE

Tumesema sana juu ya vijana. Tumalizie na sisi wenyewe, wenye nyumba.

Wana wetu hawaoi tena kijiji cha pili. Wanasoma Mwanza, wanafanya kazi Mbeya, na siku moja wanapanda nasi mlimani na binti Msukuma au Mnyakyusa. Sherehe inakuwa nzuri, kuku na makande havikosi. Kisha wageni wanaondoka, na bi harusi anaingia jikoni. Wifi na mama mkwe wanaongea Chasu. Anapoingia wanaendelea na Chasu. Wanacheka, naye hajui kama wanamcheka yeye. Akiuliza, anaambiwa, "Hakuna kitu, mwanangu, ni mambo yetu tu." Mambo yetu! Ni mangapi tuliyoyapokea kliniki, ya shinikizo la damu na kukosa usingizi kwa mama mjamzito, ambayo mwanzo wake ulikuwa kwenye maneno hayo mawili.

Hatusemi Chasu kiachwe. La hasha. Watoto wa Same mjini wanakipoteza kwa kasi ya kusikitisha. Bibi anasema kwa Chasu, mjukuu anajibu kwa Kiswahili, na lugha ikipotea, hata utani wetu wa kesi na Wachaga hautakuwa na ladha. Lakini lugha ya nyumbani inaweza kuwa kivuko cha Yordani au inaweza kuwa kiti cha mgeni, na uamuzi huo hufanyika kila siku, juu ya mafiga matatu.

Tunakijua kikundi kimoja cha wanawake huku milimani walioweka utaratibu mwepesi. Asemaye neno la Chasu mbele ya mwanamke wa kuolewa hulieleza papo hapo, na huyo mwanamke naye hudaiwa neno moja la kwao. Hakuna faini wala katibu wa kuandika. Mwaka wa pili sasa. Ukipita pale asubuhi utamkuta mama wa miaka sabini na zaidi, Mpare wa kuzaliwa, ambaye hajawahi kuvuka Singida, akimwamkia mkaza mwanawe kutoka Shinyanga: "Mwangaluka!"